Maswali ya Wasomaji: Panya wa Uruguay na Jina Lililokuwa na Mwenyewe

Barua za mwezi huu ni nne, na zote zimetoka kwetu pwani, Lamu mpaka Gede. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu. Miaka 22 ya ujana wangu niliitumia kuchambua visukuku vya wanyama wadogo, yaani mifupa na meno ya kale yaliyogeuka jiwe. Mezani nilikuwa na darubini, brashi ya nywele tatu nne, na sinia la mchanga uliochekechwa. Barua ya kwanza ndiyo iliyonikesha, kwa hiyo jibu lake litakuwa refu.

*Dada yangu, salaam aleikum. Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni. Mjukuu wangu alinisomea kwenye simu habari za panya wa kale wa Uruguay aliyekuwa na uzito wa tani moja. Juzi akanisomea tena, panya yuleyule, mara hii ni nusu tani. Na jina lake nalo eti zamani lilikuwa jingine. Mimi nikiunda jahazi la tani kumi, haliamki kesho likawa la tani tano. Hao wataalamu wapima au wakisia?*

Aleikum salaam, kaka yangu. Wapima. Ila walicho nacho mkononi si jahazi zima, ni kipande tu, na wewe wajua ugumu wa kutaja tani za chombo ukionyeshwa taruma moja, yaani ubavu wake mmoja. Uzito nitaurudia. Nianze na jina, maana watu wengi hulichukulia kuwa ni pambo.

Nilipokuwa mdogo palikuwa na mashua mbili zikiitwa Salama, moja ya Lamu na nyingine ya Faza. Msimu mmoja wa kusi ikaja habari gatini kwamba Salama imevunjika mlingoti nje ya Kipini na watu wawili hawajaonekana. Usiku ule zililia nyumba mbili. Mama alikwenda kukaa na jirani yetu, nami nikalala miguuni pake, nikiwasikia wanawake wakinyamaza ghafla kila mlango ulipogongwa. Alfajiri mume wa jirani akaingia na kapu lake la samaki, mzima, hana habari ya lolote. Msiba ulikuwa wa Faza. Sijasahau mpaka leo jinsi yule mama alivyomtazama mumewe, akashindwa kumwamkia.

Wataalamu wa wanyama walilitambua jambo hili mapema. Majina yao huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyepanga majina ya viumbe, na ipo tume ya kimataifa inayotunza kanuni zake. Mojawapo ni kwamba jina la jenasi, lile la kwanza linaloandikwa kwa herufi kubwa, haliwi la wanyama wawili. Aliyetangulia kuchapishwa ndiye mwenyewe. Hakuna kuuliza nani mkubwa kwa umbo wala nani mashuhuri.

Basi mwaka 1966 wataalamu wawili, Francis na Mones, walieleza mabaki ya mgugunaji (mnyama wa kundi la panya, mwenye meno ya kugugunia) mkubwa mno kutoka Uruguay. Jenasi wakaiita Artigasia, kwa heshima ya José Gervasio Artigas, shujaa wa taifa lile, na spishi wakaiita magna, yaani kubwa. Kumbe jina Artigasia lilikuwa limekwisha tolewa mwaka 1934, na aliyepewa ni mnyoo. Mnyoo mdogo, kaka, wa jamii ya minyoo ile ya mviringo. Kanuni ikamlinda. Mwaka 2007 Álvaro Mones, aliyekuwa mmoja wa wale wawili wa mwanzo, alitoa jina jipya kwa mkono wake mwenyewe. Alichukua José kwa umbo lake la Kilatini, akaliunganisha na Artigas, ikawa Josephoartigasia. Ilikuwa imepita miaka 41. Nampenda mtu huyu kwa jambo hilo. Hakumwachia mwingine aje kumsahihisha, na heshima ya shujaa wake haikupotea.

Panya wa mjukuu wako ni spishi ya pili ya jenasi hiyohiyo. Fuvu lake lilionekana mwaka 1987 katika jiwe lililovunjika ufukoni Kiyú, kwenye hori kubwa la Río de la Plata. Aliyeliona hakuwa mtaalamu wa kuajiriwa, alikuwa mpenzi wa visukuku tu, naye akalitoa kwa makumbusho ya Montevideo. Likakaa huko miaka kama 20. Mwaka 2008 Andrés Rinderknecht na Ernesto Blanco wakalichapisha kwa jina Josephoartigasia monesi. Hiyo -i ya mwisho ni ya Kilatini, maana yake "wa Mones". Urefu wa fuvu ni sentimita 53. Chukua dhiraa yako, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, uiweke mezani. Fuvu laipita.

Niseme na hili, kwa kuwa lahusu nchi yetu. Mwaka 1980 Mones mwenyewe alikuwa amempa mgugunaji mwingine mkubwa, wa Venezuela, jina la spishi pattersoni, kwa heshima ya Bryan Patterson. Huyo Patterson ndiye aliyefanya kazi Turkana miaka ya 1960, na mwaka 1965 akaokota Kanapoi kipande cha mfupa wa mkono wa kiumbe wa jamii ya binadamu. Majina haya ukiyafuata mmojammoja utawakuta watu walioshikana mikono kutoka bara hadi bara.

Sasa, wamejuaje kwamba yule wa Uruguay ni mgugunaji, tena wa ukoo gani? Kwa meno na kwa matundu. Mgugunaji ana meno mawili tu ya mbele juu na mawili chini, yasiyokoma kukua, kisha pengo, kisha magego. Hapo umeshapata oda yake, yaani lile kundi kubwa lenye koo nyingi ndani yake. Ukoo huonekana mbele ya jicho. Ninalo fuvu la nungu kabatini, la nungu wa kawaida aliyekufa shambani. Mbele ya kikombe cha jicho pana tundu pana kiasi kwamba ncha ya kidole changu kidogo hupenya. Hapo ndipo msuli wa kutafunia hupita. Kwa panya wa jikoni tundu hilo ni jembamba, limebanwa kama ufunguo ulivyobanwa na kitasa. Ndezi analo pana, nungu analo pana, na jamaa zao wa Amerika Kusini vilevile. Kwa hiyo mnyama wa Uruguay ni jamaa wa nungu na ndezi zaidi kuliko wa panya anayekula unga wako. Familia yake ni Dinomyidae, na katika familia nzima amebaki hai mmoja tu, pakarana wa misitu ya Amerika Kusini, asiyefika kilo 20.

Hapo ndipo ugumu wa uzito ulipo. Tuseme hujawahi kuona jahazi maishani mwako, umeona mitumbwi na madau tu. Unaletewa taruma kubwa kuliko zote ulizowahi kushika. Utafanya nini? Utapima taruma za madau yote unayoyajua, utaangalia taruma ikiongezeka hivi tani zaongezeka vipi, kisha utaivuta hesabu hiyo mbele, nje ya yale uliyoyaona. Ndivyo walivyofanya mwaka 2008. Walilinganisha vipimo vya fuvu na vya wagugunaji walio hai, ambao mkubwa wao, kapibara, ni kilo 50 au 60 hivi. Jibu likawa wastani wa kilo 1,008. Lakini wao wenyewe waliandika kwamba ukichukua kipimo kimoja utapata kilo 468, na ukichukua kingine utapata 2,586. Mwaka huohuo Virginie Millien akahesabu upya, akaonyesha kwamba huenda alikuwa mwepesi kuliko wastani huo. Mwaka 2022 Russell Engelman akapima mahali pengine kabisa, kile kifundo cha nyuma ya fuvu kinachokalia shingo, akapata kama kilo 480. Shingo hubeba kichwa, na kichwa chenye uzito hakikai juu ya kifundo chembamba. Mimi hoja hiyo yaniingia. Panya akiwa na kichwa kirefu na meno makubwa, urefu wa kichwa peke yake waweza kukudanganya kuhusu kiwiliwili.

Simu ya mjukuu wako ilichukua tarakimu ya katikati, ikaacha mbili za pembeni. Wataalamu walizitaja zote tatu.

Na ona kilichotokea wakati uzito unashuka: jina halikuguswa. Jina la mnyama wa kale halikufungwa kwenye uzito wake, wala kwenye picha aliyochorwa. Limefungwa kwenye kitu kimoja kinachoshikika, kiitwacho holotaipu. Mimi nimezoea kukiita mfupa mama. Kwa monesi ni lile fuvu la Montevideo, lenye namba yake. Leo akizuka mtu akasema nyinyi nyote mmekosea, atakwenda mpaka kwenye kabati hilo, atalipima, atasema neno lake. Mwaka 2015 wengine walipima nguvu ya kuuma, wakaona meno ya mbele yangeweza kustahimili nguvu kubwa kuliko misuli ya taya ilivyoweza kutoa. Wakawaza kwamba pengine aliyatumia kuchimbia, kama tembo na pembe zake. Fuvu ni lilelile.

*Shikamoo Bi. Mimi nasoma Gede. Mwalimu amesema sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, yule mwenye matako ya manjano, si panya. Mbona ana mkia wa panya?*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yu sahihi. Mkia huwadanganya wengi. Sange hana yale meno mawili ya mbele ya kugugunia, na chakula chake ni wadudu anaowafukua kwenye majani makavu kwa ile pua ndefu. Ukoo wake ni wa Afrika hii hii: tembo, muhanga, pimbi, na nguva wa bahari ya Lamu. Naam, nguva. Umbo hakuna wanachofanana, lakini urithi wa damu umethibitisha. Jina lake la kitaalamu, Rhynchocyon chrysopygus, alipewa mwaka 1881, na neno la pili maana yake ni huo huo utako wa dhahabu unaouona wewe. Na ukiulizwa kuhusu sungura, sema si mgugunaji pia: nyuma ya meno yake ya juu ya mbele ana mengine mawili madogo kama vijiti. Zamani waliwekwa kundi moja, mpaka mwaka 1912 wakatengwa kuwa oda yao.

*Bi, mimi ni msichana wa kidato cha tatu, Shela. Nikigundua panya wa kale naweza kumpa jina la nyanya yangu, Zainabu? Au ni lazima liwe la Mzungu?*

Si lazima hata kidogo, binti yangu, na swali lako limenifurahisha. Kwa mwanamume Kilatini huongeza -i mwishoni, kwa mwanamke -ae. Nyanya yako atakuwa zainabae, kwa herufi ndogo, likitanguliwa na jina la jenasi. Ukitaka kutaja mahali utaweka -ensis. Ikiwa ni mnyama wa Lamu, lamuensis.

Ni kweli majina ya zamani mengi yalibeba watu wa utawala wa kikoloni. Mwaka 1914, huko London, mtaalamu aitwaye Andrews alimpa mgugunaji wa kale wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria, jina Paraphiomys pigotti. Pigott alikuwa afisa wa serikali ya wakati ule aliyekusanya visukuku huko, na aliuawa na mamba. Mwingine wa nchi yetu ameitwa kwa mguu wake: Megapedetes pentadactylus, wa mwaka 1957, jamaa wa kamendegere. Neno la pili ni "vidole vitano".

Lakini Kiswahili nacho kimeingia, na hapa naomba usome polepole. Mwaka 2009 Nancy Stevens na wenzake walimtangaza mgugunaji wa bonde la Rukwa, Tanzania, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Jina lake ni Kahawamys mbeyaensis. Kahawa, hiihii ya kwenye vikombe vya barazani kwetu. Mys ni panya kwa Kigiriki. Mbeyaensis ni wa Mbeya. Naye ni wa kundi la ndezi. Kisha mwaka 2019 taya la mnyama mla nyama, lililokuwa limekaa miaka mingi kwenye droo Nairobi, likatangazwa kwa jina Simbakubwa kutokaafrika. Huyo si mgugunaji wala si simba, lakini mwanafunzi wa Kijapani au wa Kipolandi akimwandika leo, aandika maneno ya nyanya yako.

Masharti mawili usiyasahau. Jina lazima lichapishwe pamoja na maelezo ya kumtofautisha mnyama wako na wengine, na lazima useme mfupa mama ni upi na umewekwa wapi. Bila mfupa, zainabae haitakuwa na pa kukaa.

*Mama, salamu. Mimi ni mchonga mawe kwenye machimbo ya matumbawe, upande wa Malindi. Tulipokuwa tukikata matofali tukakuta ufa umejaa udongo mwekundu, na ndani yake mifupa midogo mingi na taya ndogo kama kucha, zina meno. Nimezitia kwenye kopo la maziwa. Nimekutumia picha. Ni panya gani, na je, ana jina?*

Aleikum salamu, mwanangu. Picha nimeiona. Taya ulizoziweka kiganjani ni za wagugunaji, hilo nalisema bila wasiwasi, kwa lile jino la mbele lililopinda na lile pengo. Zaidi ya hapo sitasema kwa picha. Magego ndiyo hutofautisha spishi, na kwa panya gego ni kama punje ya ufuta. Hutazamwa kwa darubini, likigeuzwageuzwa kwa brashi iliyoloweshwa.

Mifupa mingi pamoja mara nyingi ni kazi ya bundi. Humeza panya mzima mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Akikaa ufa mmoja miaka mingi, chini pake hujaa kama ulivyokuta. Huenda ni panya wa juzi, huenda ni wa zamani sana, na kitakachoamua ni udongo. Usidharau udongo wa pwani yetu. Pango la Panga ya Saidi, hukuhuku Kilifi, limetoa kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu, la miaka 78,000 iliyopita. Lilitangazwa mwaka 2021 na likasomwa dunia nzima.

Sasa nikueleze jambo lililonipata, ujue kwa nini nakuandikia kwa haraka. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mahali sitapataja, taa ya mezani ilizimika nami nikatoa masinia mawili barazani nipate mwanga. Kila sinia lilikuwa na meno ya wagugunaji yapata 40, na kikaratasi cha penseli: mahali, tabaka la udongo, tarehe, jina la aliyeokota. Nikaingia ndani kuchukua brashi. Niliporudi, upepo ulikuwa umevipeperusha vikaratasi vyote viwili. Meno yalikuwapo, hakuna hata moja lililodondoka. Nikavitafuta mpaka magharibi, chini ya ngazi, kwenye mchongoma, kwenye mfereji. Kimoja nilikipata kimelowa, na sikuweza kuapa kilikuwa cha sinia gani. Mkuu wangu, mzee mpole, hakunikaripia. Alichukua kalamu akaandika kwenye masanduku yote mawili: mahali hapajulikani. Baadhi ya meno yale sikuwahi kuona mfano wake tena katika miaka yote iliyofuata. Pengine palikuwa na spishi mpya pale. Yako kwenye kabati mpaka leo, na hakuna atakayeweza kusema waliishi wapi wala lini.

Kwa hiyo, mwanangu, usioshe kitu. Usichague taya nzuri ukatupa mifupa iliyovunjika. Katika kopo tia kikaratasi cha penseli, si cha kalamu ya wino, ueleze machimbo gani, ufa uko upande gani wa ukuta, kina cha mikono mingapi toka juu, na tarehe. Mwombe msimamizi wenu ufa huo usiguswe kwa sasa. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 yataka vitu hivi vijulishwe Makumbusho ya Taifa, na Malindi wana ofisi. Nenda na kopo, nenda na picha, na mpeleke mwenzako aliyekuwapo siku ile, kwa sababu watu wawili hukumbuka zaidi ya mmoja.

Kwenye barua yako umesema "upande wa Malindi" tu. Niandikie tena wiki hii: ni njia ya kwenda Watamu, au ni ile ya kwenda Mambrui? Na ule udongo mwekundu, ulikuwa umeshikamana kama jiwe au ulimomonyoka mkononi?